Baba anataka mtaa uamini ana TB

BARUA

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi kwa wazazi wangu hapa Mtwara mjini, na ndiko niliko mpaka sasa. Safu hii naisoma siku nyingi ila sijawahi kuandika, maana kwetu mambo ya ndani hayatoki nje. Hili limenishinda.

Baba yangu alikuwa fundi wa mapaa. Tangu ujana wake, miaka ya sabini, amefanya kazi kwa wakandarasi waliokuwa wakikarabati majengo ya zamani huku Kusini: mashule, nyumba za watumishi, maghala. Kazi yake kubwa ilikuwa kuezua mabati ya asbesto, yale mazito ya kijivu, na kuezeka bati jembamba mahali pake. Msumari ukigoma, bati linapigwa nyundo. Bati likiwa refu, linakatwa kwa msumeno. Alikuwa anarudi jioni kope zote nyeupe. Mama alikuwa akizipiga zile nguo za kazi kwenye shina la mkorosho nyuma ya nyumba ili vumbi litoke kabla hajaziloweka, na sisi watoto tunacheza hapohapo.

Mabati yaliyotoka mazima, mkandarasi alimwachia. Baba si mtu wa kumuuzia jirani, kwa hiyo aligawa. Jirani wetu wa nyuma akaezekea jiko. Mzee mwingine akaezekea banda la mbuzi. Chumba cha madrasa hapa mtaani kimeezekwa kwa mabati yaliyotoka kwa baba, na yeye mwenyewe ndiye aliyepanda juu akayapigilia bila kuchukua hata senti. Mpaka leo akipita watu wazima wanamwita Fundi wa Madrasa, na ninajua anavyolipenda jina hilo.

Miaka hii ya karibuni pumzi imemwisha. Ilianza kwa kushindwa kuendesha baiskeli. Sasa hivi, kutoka chumbani mpaka bafuni, anasimama katikati ya ua, anashika nguzo ya kamba ya nguo, anasubiri kifua kitulie ndipo aendelee. Anakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Zahanati moja walimwanzishia dawa za TB, akanywa miezi sita, hakupata nafuu. Baadaye akaanzishiwa tena. Makohozi kila yakipimwa hayana kitu. Mwaka huu tukampeleka hospitali kubwa. Daktari akampiga picha ya kifua, akamsikiliza mgongoni muda mrefu, akamshika vidole akaziangalia kucha zake ambazo zimevimba na kuwa duara. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Baba alipotaja mabati, daktari akasema mapafu yana makovu ya vumbi la asbesto, na kwamba hayatarudi yalivyokuwa.

Tukiwa kwenye bajaji baba akaniambia, "Haya ya mabati yaishie hapa. Mtaani ni TB." Nilidhani ni uchungu tu, kesho atabadilika. Hakubadilika. Ametenga kikombe chake cha plastiki, amekifunga uzi mwekundu kwenye mkono, na mgeni akija ananiagiza kwa sauti, "Mwanangu, niletee kile kikombe changu." Majirani wamewakataza watoto wao kucheza na wangu. Binti yangu wa pili ametengewa mkeka wake peke yake madrasa. Alirudi analia, babu yake akamtazama, akanyamaza. Usiku akaniita. Akasema: "Bora wanikimbie kwa TB kuliko waseme nimewaua watoto wao. Usinivue nguo nikiwa bado hai."

Ningeweza kuvumilia hata hilo. Lakini msimu wa korosho unakaribia. Jirani wa nyuma anasema hela ikitoka tu anabomoa jiko, anajenga chumba cha kupangisha. Kamati ya madrasa nayo inachangisha kubadilisha paa, na vijana wakubwa wataitwa kusaidia kuezua. Na fundi waliyempa kazi ni mdogo wangu wa kiume, aliyeshika kazi ya baba, na anavuta sigara. Nilimdokeza tu kwamba vumbi la yale mabati si zuri. Akacheka: "Mzee amelila vumbi hilo maisha yake yote, mimi siku mbili litanifanya nini?" Yeye na mama wote wanajua ni TB. Mama siku hizi naye anakohoa, anasema ni moshi wa kuni.

Nikisema, nimemvunjia baba heshima yake ya mwisho. Nikinyamaza na paa likavunjwa mbele ya watoto, nitalala vipi? Na kuna watu wameniambia wagonjwa wa kazini hulipwa. Baba alikuwa kibarua, ana lolote la kudai?

Binti wa Fundi, Mtwara

JIBU

Marahaba, Binti wa Fundi. Pole kwa baba, na pole zaidi kwa huyo mtoto aliyetengewa mkeka, maana yeye ndiye asiyejua hata anachoadhibiwa.

Nimesoma barua yako nikijaribu kuona kila mtu amebeba nini. Baba yako ana aibu mbili na ameamua kuivaa ile nyepesi ili nzito isionekane. TB mtaani inaeleweka. Mtu huugua, hutibiwa, watu wakasahau. Mabati yana jina lake, na jina hilo ndilo alilobakiwa nalo sasa baiskeli imemshinda na kazi imemwisha. Wewe umebeba siri yake, na watu wasioijua wameshaipangia tarehe. Hela ya korosho haitasubiri baba yako awe tayari.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Asbesto ni madini yanayochambuka kuwa nyuzi nyembamba mno, nyingi hazionekani kwa macho. Kwenye mabati ya aina hiyo nyuzi huwa ni kama asilimia 10 hadi 15, sehemu iliyobaki ni saruji iliyozishika. Bati likikatwa au kuvunjwa, nyuzi zinatoka na vumbi, zinafika mwisho kabisa wa mapafu, na mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Kinga ya mwili inahangaika nazo miaka na miaka, na kila inapohangaika panabaki kovu. Pafu la namna hiyo ni kama mpira wa baiskeli uliojaa viraka: unajaza upepo lakini hautanuki. Ndiyo maana baba anasimama kwenye nguzo. Kati ya kuvuta vumbi na kuanza kuugua hupita miaka 10, 20, hata 40, kwa hiyo mtu aliyefanya kazi hiyo tangu miaka ya sabini akaja kuishiwa pumzi uzeeni hashangazi. Ugonjwa huu, asbestosisi, hauambukizi kabisa.

Hata hivyo, je, daktari aliyesema asbesto aliwaambia wazi kwamba TB haipo, au mlitoka mkiwa mmesikia neno moja tu? Inawezekana mtu akawa na makovu ya vumbi na TB pia. Kama baba bado yuko kwenye dawa, asiziache kwa maneno ya barua hii wala ya bajaji. Rudini kliniki, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo au huko mlikoanzia, mwulizeni daktari kuhusu kipimo cha CT, yaani picha ya kifua ya kompyuta, na kile cha kupuliza kinachopima nguvu ya mapafu, na mwombeni aandike historia ya kazi ya baba kwenye faili. Hayo maandishi yana faida nyingine nitakayoitaja.

Sasa hilo neno lake la usiku, "nimewaua watoto wao." Nadhani umelipokea kama lilivyo, na hofu yako yote imejengwa juu yake. Tuliangalie. Baba amevuta vumbi kwa miongo, msumeno ukiwa karibu na pua yake. Mtoto anayesoma juzuu chini ya bati zima lililotulia juu ya kenchi hayuko kwenye hali hiyo. Bati zima halimwagi nyuzi kama bati linalovunjwa. Siwezi kukuambia kwamba hakuna hatari yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kabisa. Lakini kinachoongeza hatari kwa haraka ni nyundo, msumeno na ufagio. Kwa maneno mengine, mabati aliyoyagawa baba yamekaa pale miaka mingi yakiwa na hatari ndogo, na hatari kubwa iko kwenye hizo siku mbili anazozichekea mdogo wako.

Na kuhusu lawama. Uingereza ilitunga kanuni za vumbi la asbesto viwandani mwaka 1931. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, wengi wao wakiwa na uhusiano na machimbo ya asbesto ya Cape, na baadhi yao walikuwa wakiishi tu jirani, hawajawahi kufanya kazi mgodini. Haya yalijulikana vitabuni kabla baba yako hajashika nyundo. Aliyetakiwa kumwambia ni aliyempandisha juu ya paa bila barakoa, kisha akampa mabati kama bakshishi. Sijui kama baba amewahi kuisikia habari hiyo ikisemwa hivyo, kwamba na yeye aliletewa kitu asichokijua, sawasawa na majirani zake. Pengine ingemgusa kuliko mahubiri ya kusema ukweli.

Hata akiguswa, majirani je? Unaogopa watamgeuka, naye anaogopa hivyohivyo. Wengine watamgeuka, nisikudanganye. Mwenye mtoto anayekohoa atahesabu siku alizokaa jikoni. Wengine watakumbuka alipanda juu ya paa la madrasa bure. Hujui uwiano wao na mimi sijui.

Ukikaa kimya kabisa, unajua kitakachotokea: vijana watapanda, mabati yatarushwa chini yapasuke, vipande vitajazia dimbwi la njiani kama vinavyofanyiwa vifusi vyote, na watoto watatembea juu yake. Ukisema yote kwa mkupuo, baba atasikia habari zake kutoka kibarazani kwa watu, na huenda usipate muda wa kutosha wa kupatana naye. Tena kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: mtaa ukishtuka, kila mtu ataamka usiku kuyang'oa mabati yake kwa hasira na kuyatupa. Hofu inaweza kuvunja mabati mengi kuliko korosho.

Kati ya hapo pana njia ya kulisemea paa bila kulisemea pafu la baba. Mabati ya asbesto hayahitaji mgonjwa ndipo yaonywe. Bwana afya wa kata, mwenyekiti wa mtaa, ustadhi wa madrasa, yeyote kati yao anaweza kuambiwa kwamba paa lile ni la asbesto na kuezua kwake kuna utaratibu: waulize manispaa na NEMC, baraza la taifa la mazingira, nani anaruhusiwa kuyatoa na yanazikwa wapi, mabati yalowanishwe maji, misumari ing'olewe badala ya bati kuvunjwa, yashushwe mazima, yafungwe kwenye nailoni nene, pasifagiliwe pakavu, na watoto wasiwepo. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizo. Udhaifu wa njia hii ni mtaa wenyewe. Mtwara mtu akipiga chafya Chikongola anaombewa afya Magomeni. Watauliza mabati yalitoka kwa nani, na wapo watakaojumlisha mbili na mbili. Ukiifuata, ni vizuri baba ajue kabla, hata kama hajakubali.

Mdogo wako nisingemweka kwenye fungu la majirani. Baba alisema "mtaani ni TB." Je, alisema na mwanawe asiambiwe? Na mkewe? Naona kama umeipanua amri kuliko ilivyotoka kinywani mwake, labda kwa sababu ni rahisi kufunga mlango mzima kuliko kuuacha wazi kidogo. Huyu kijana anaingia kwenye vumbi lilelile huku akivuta sigara, na viwili hivyo vikikutana hatari ya saratani ya mapafu hupanda mno kuliko kila kimoja peke yake. Kumdokeza hakutoshi, umeona alivyocheka. Kwa maoni yangu suala lake haliwezi kungoja sana, ila nani amwambie ni jambo la kupima. Ukimwambia wewe, atasema dada anaogopa. Akiambiwa na baba, kifua kikiwa wazi mbele yake, sijui kama atacheka. Na baba ndiye mtu pekee nyumbani kwenu anayejua bati la asbesto linavyotoka zima. Hata akiwa amekaa kwenye kiti mbali na eneo la kazi, ana kitu cha kumfundisha mwanawe. Huenda kwake hiyo ikawa kazi ya ufundi kabla haijawa kukiri. Huenda pia akaona unamzunguka, akakasirika. Unamfahamu kuliko mimi.

Mkeka wa binti yako nao una mlango wake. Kama kliniki itathibitisha kwamba makohozi hayana vimelea, basi maneno "babu amepimwa, haambukizi mtu" ni kweli tupu na hayagusi bati hata moja. Unaweza kuyapeleka kwa ustadhi yakiwa na karatasi ya hospitali. Baba hatayapenda, kwa kuwa yanaitikisa ngao yake, na swali linalofuata litakuwa "basi anaumwa nini?" Ila je, amewahi kuulizwa waziwazi kama ngao hiyo inafaa kubebwa na mjukuu? Ulisema alimtazama akanyamaza. Mimi sikusoma ukatili kwenye kunyamaza kule.

Fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015 na unashughulikia magonjwa yatokanayo na kazi. Ugumu wa baba ni kwamba kazi yake nyingi ilifanyika kabla ya hapo, tena kama kibarua. Msikate tamaa kabla ya kuuliza, na msikope pesa mkitegemea malipo. Tafuteni lolote lenye jina la mkandarasi: karatasi ya malipo, kitambulisho cha geti, kadi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kama aliwahi kukatwa, mafundi wenzake walio hai wanaoweza kushuhudia. Pamoja na faili la hospitali lenye historia ya kazi, hilo ndilo la kupeleka ofisi ya Mfuko au kwa msaidizi wa kisheria. Kumbuka tu kwamba madai yanahitaji ukweli uandikwe, na huenda barua zikapita mikononi mwa watu. Hili nalo baba alijue mapema.

Kuhusu matunzo yake, makovu hayafutiki ila maisha yanaweza kuwa mepesi. Asikae kwenye moshi wa jiko. Mafua yakishuka kifuani awahishwe, asisubiri. Mwulizeni daktari kuhusu chanjo ya homa ya mapafu na ya mafua, na kuhusu oksijeni kama midomo inageuka rangi. Atembee kila siku hata kama ni mpaka kwenye nguzo na kurudi, maana misuli ikilala pumzi inakuwa ghali zaidi. Akianza kukonda ghafla, kutoa damu au kuumwa kifua upande mmoja, nendeni siku hiyohiyo.

Na mama. Ulimtaja kwenye mstari mmoja, mwishoni, na moshi wa kuni ukawekwa hapohapo. Inawezekana kabisa ni moshi. Lakini wapo wanawake waliougua kwa kufua nguo za waume zao tu, na yeye alizipiga kwenye ule mkorosho miaka yote ile. Siku mnayomrudisha baba kliniki, nendeni naye, na akifika mezani kwa daktari azitaje zile nguo yeye mwenyewe kabla hajaulizwa. Ili aweze kuzitaja, lazima awe ameshaambiwa mumewe anaumwa nini. Huenda mazungumzo yako na baba yakaanzia hapo: umwulize ni nani kati yenu wawili atakayemwambia mama.